Fundi na Mfaransa Wake

Siku ya kwanza Fundi alipokuja kuchora ukuta wa majlisi ya bosi wangu, ukumbi wake wa wageni, kule Al-Hamra mjini Jedda, nilimpelekea chai vikombe viwili. Madam alikuwa amenituma nikaulize kama fundi anahitaji kitu. Nilipofika mlangoni nikamkuta mzee mwenye kanzu nyeupe juu ya ngazi, amenipa mgongo, ananung'unika kwa Kiswahili. Hicho Kiswahili chenyewe kilinisimamisha, maana tangu nitoke Taita sikuwa nimekisikia humo ndani ila kwenye simu yangu.

"Mfaransa huyu kanivurugia asubuhi yote," alikuwa akisema. "Kivuli cha zambarau. Nani kaona kivuli cha zambarau?"

Nikarudi jikoni nikijua mafundi wako wawili, mmoja Mswahili na mmoja Mzungu, na huyo Mzungu pengine ametoka kidogo. Nikamimina vikombe viwili. Fundi akatazama sinia, akanitazama, akauliza cha pili ni cha nani. Nikamwambia ni cha Mfaransa. Akashuka ngazi polepole, akaketi juu ya ndoo ya rangi, akanywa cha kwanza, kisha akavuta cha pili.

"Mfaransa kafa kabla babu yangu hajatahiriwa," akasema. "Lakini haki ya chai anayo. Nitamnywea."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na watu wawili kwa siku moja, mmoja hai na mmoja marehemu, na kwa miaka iliyofuata sikuweza kumpata mmoja bila mwingine. Siku hizi Fundi anaishi Maskati kwa binti yake, na nasikia huko nako majirani wameshaanza kuuliza huyo Mfaransa ni nani.

Kazi yake ilikuwa kuchora kuta. Matajiri wa Jedda walimwita awajazie kumbi zao jangwa, mitende, misafara na visima, na yeye aliwajazia kwa kunakili picha za mchoraji mmoja wa Kifaransa wa karne ya kumi na tisa. Aliyoipenda kuliko zote ni ile aliyoiita Kisima: watu wamekusanyika kuteka maji alfajiri, punda mmoja amekataa kusogea, na nyuma yao mwanga unaanza kupanda. Nimeshaiona Kisima katika nyumba tatu au nne za Al-Hamra na nyingine kule Al-Nuzha. Katika kila nyumba punda ni yuleyule na amekataa vilevile.

Nyumba aliyopita Fundi uliijua kwa pua. Rangi zake za mafuta alizichanganya na mafuta ya karafuu kidogo, ili zisikauke upesi, apate nafasi ya kurekebisha. Alisema alifundishwa hivyo, lakini mkewe alisema ni kukumbuka kwao Unguja tu, na mafuta ya karafuu angeyatia hata kwenye betri ya gari angeachiwa. Basi ukuta wa majlisi ukanuka karafuu kwa wiki nyingi, na wageni wa bosi wakawa wanauliza kama kuna harusi.

Kanzu yake ilikuwa safi mwili mzima isipokuwa ncha ya mkono wa kushoto, ambayo ilikuwa na rangi zote za dunia. Alifutia hapo tu. Kila mwaka wa maisha yake, alisema, unasomeka kwenye mikono ya kushoto, na Bi Mkubwa, yaani mkewe, alikuwa na sanduku la kanzu zilizostaafu ambazo alikatazwa kuzigeuza matambara.

Hadithi ya Mfaransa aliipata hapohapo Jedda. Alipokuwa kijana alimwendeshea gari mke wa daktari mmoja wa Kifaransa. Yule mama alikuwa akichora kibarazani, naye akawa anamshikia mwavuli, halafu anamsagia rangi, halafu anamkosoa. Mama akamfundisha kuchora, akampa Kisima iliyochapwa kwenye karatasi, na kumsimulia maisha ya huyo mchoraji aliyempenda, kwa Kiarabu alichojifunza kwa muuza mboga. Kwa hiyo hadithi ilitoka Ufaransa, ikapita sokoni, ikaja ikatua katika Kiswahili cha Unguja. Majaji wa maonyesho ya picha kule Parisi, kwa kauli ya Fundi, walimbonyeza Mfaransa kama embe wakamwona hajaiva. Mama yake Mfaransa kila akitokea katika hadithi alikuwa akiuliza, "Mwanangu, ushakula?"

Niliisikia hadithi hiyo vipande vipande siku za Ijumaa. Ijumaa ndiyo ilikuwa ofu yangu, siku ya kupumzika, na nikishapewa ruhusa nilipanda teksi ya kuchangia hadi Bani Malik, nikapanda ngazi hadi kwa Fundi, nikala pilau ya Bi Mkubwa na kujisikia mtu. Baada ya chakula Fundi alijinyoosha kwenye mkeka, akaegemea mto, akaanza popote alipotaka.

Mfaransa alikuwa mtoto wa muuza mikate, katika mji mdogo wenye baridi ambako jua huchomoza kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Baba alitaka awe karani wa mahakama. Kijana akachukua makaa ya tanuri akawa anachora kwenye magunia ya unga, na wateja wakaanza kuja dukani kutazama magunia wakasahau mikate. Baba akamchapa mpaka akachoka, na alipochoka akampeleka Parisi. Huko akaingia chuo cha bwana mmoja mkali aliyemchorisha mkono wa sanamu ya plasta, mkono huohuo, asubuhi na jioni, mpaka akawa anauota usiku unamsalimia.

Wakati huo Parisi kulikuwa na maonyesho makubwa ya kila mwaka, na asiyeingia humo hakuwa mchoraji. Mfaransa akapeleka picha, zikarudishwa. Akapeleka nyingine, zikarudishwa. Hatimaye wakamkubalia moja, wakaitundika juu kabisa karibu na dari, hata mama yake aliposafiri kuja kuiona ilibidi aonyeshwe kwa fimbo. Akawa anaishi kwa kuchora wake za wafanyabiashara. Alikuwa akiwapunguzia videvu, wakafurahi, mpaka mmoja akaenda na picha nyumbani na mumewe akauliza ni ya nani.

"Hapo ndipo alipoona bora jangwa," Fundi alisema. "Jangwa halina kidevu."

Akapanda meli hadi Misri. Akaugua tumbo, akaugua jua, akapona, akanunua punda ili amchore. Punda hakutaka kuchorwa wala kuuzwa tena, na kila asubuhi alimfuata Mfaransa hadi kisimani akasimama mbele ya picha. Ndiyo maana yumo. Aliporudi Parisi na masanduku ya mazulia na michoro, akaipaka Kisima, na Kisima ikapata nishani. Serikali ikanunua picha zake, akafuga ndevu, akawa yeye sasa ndiye jaji wa yale maonyesho. Kukaja vijana wanaochora kwa haraka kama watu wanaokimbia mvua, brashi huku, brashi kule, na Mfaransa akawafungia mlango uleule aliofungiwa yeye.

Fundi alipofika hapo sauti ilishuka. "Hapo simpendi," alisema. "Nampenda mwanzo na namwonea huruma mwisho. Hapo katikati simpendi."

Mwisho wenyewe ni kwamba vijana wale walishinda, dunia ikawapenda wao, na picha za Mfaransa zikashushwa ukutani zikapelekwa vyumba vya chini pamoja na viti vibovu. Akafa mzee, mkewe kando yake, akilalamika mwanga wa dirishani si mzuri. Mara ya kwanza niliposikia habari za huyo mke, jinsi alivyomshonea koti kwa zulia la Misri ili asipate baridi akichora, nililia. Bi Mkubwa akanipa kitambaa akaniambia nisijitese.

"Mie nina mke mwenza," akasema, "naye ni mwanamume, Mzungu, na maiti. Sasa nilie nini?"

Kitu kimoja ambacho Fundi hakukinakili kamwe kwa Mfaransa ni nyuso. Wenye nyumba wengi hawakutaka nyuso ukutani kwa sababu ya dini, na Fundi mwenyewe aliogopa kuulizwa siku ya Kiyama kwa nini aliumba watu asioweza kuwapa roho. Basi katika Kisima yake watu wote aliwageuza. Wateka maji, mzee wa fimbo, mama na mtoto, wote wanatazama kule kwenye mwanga. Ni punda tu anayetutazama sisi.

Lakini alikuwa bingwa wa migongo. Kabla sijamjua sikufikiri kwamba mgongo unaweza kuwa na njaa, au kiburi, au ukawa umetoka kuambiwa habari mbaya. Mzee mmoja wa Al-Nuzha alikaa mbele ya ukuta wake akalia, akasema yule mwanamke wa tatu ni marehemu mama yake anavyotoka kuswali. Bwana mwingine alimwita Fundi arudi haraka, kwa sababu mgongo mmoja ulikuwa umemnunia na mkewe alikuwa akiuonyesha kila wakigombana. Fundi akaurekebisha. Akasema ilitosha kushusha bega moja kidogo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alihubiri kwamba haraka ndiyo adui wa kazi, na gari aliendesha kama amebeba mgonjwa. Aliwatupia lawama majaji wa Parisi kwa kuwafungia vijana mlango, halafu wasichana wa Jedda walipoanza kuchora kuta za barabarani kwa rangi za kopo la kupuliza, alisema huko si kuchora, ni kumwaga. Ijumaa moja nikamkuta barabarani Bani Malik amesimama mbele ya ukuta wao mmoja, jicho moja amelifumba, kidole gumba amekinyoosha anapima. Aliponiona akasema alikuwa akitafuta teksi.

Hata suala la kumwombea Mfaransa halikumpa raha. Wakati mwingine alisema haijuzu. Wakati mwingine alisema mtu aliyepaka mwanga wa alfajiri namna ile hawezi kuwa hakumjua aliyeuleta. Mwishowe akaamua kutumia ujirani wa dini zetu. Akaniambia yeye atanyamaza kwa heshima, mimi Mkristo nimwombee kanisani kwetu nikirudi Taita, na Mungu atajua lipi la kufanya. Nilimwombea. Katekista aliniuliza ni jamaa yangu wa upande gani.

Ugonjwa wa macho aliuficha mwaka mzima au zaidi. Bi Mkubwa ndiye aliyegundua, siku mumewe alipomsifia gauni jipya naye hakuwa chumbani. Alikuwa amelisifia pazia. Kisha chai ikaanza kumiminwa kando ya kikombe, na ukutani bluu zikawa kali kuliko zilivyopaswa. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji ni mdogo, watu wanafanyiwa kila siku wanarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Fundi akakataa. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshahamia Riyadh na bosi na madam, kwa sababu ya kazi ya bosi, na habari nilizipata kwa simu. Bi Mkubwa alinieleza kwa sauti ya chini, akiwa amejifungia jikoni, kwamba mumewe hamwogopi daktari. Kinachomshinda ni kitu kimoja: maisha yake yote amechora kutokana na ile picha ya kuchapwa aliyopewa na mke wa daktari, na picha yenyewe, iliyopakwa na mkono wa Mfaransa, hajawahi kuiona. Daktari akikosea, atakuwa hajaiona milele.

"Na picha yenyewe iko wapi?" nikauliza, nikifikiri ni Parisi na mambo yameisha.

Bi Mkubwa akasema iko Riyadh. Binti yao wa Maskati ameona kwenye simu kwamba kuna maonyesho, picha zimeletwa kutoka nchi mbalimbali, na Kisima imo.

Nikamwomba madam ruhusa, nikamwambia ni kwa ajili ya yule fundi aliyechora majlisi yetu Jedda. Madam alimkumbuka kwa karafuu. Akanipa Ijumaa nzima, akaongeza Alhamisi jioni ili nimtafutie mzee pa kulala. Fundi akaja kwa basi kutoka Jedda, safari ya mchana kutwa, akashuka na kanzu iliyonyooka kama ametoka kupiga pasi. Mkononi alikuwa na chupa ya chai na kikapu cha vitumbua, kana kwamba Riyadh hakuna chakula. Njiani kwenda kwenye maonyesho hakusema chochote juu ya Mfaransa. Ndiyo siku pekee aliyonyamaza, nikajua anaogopa.

Nilitegemea kukuta picha inayojaza ukuta. Tulipita chumba cha kwanza, cha pili, na katika cha tatu msichana wa Kisaudi aliyekuwa akiwaongoza wageni akatuonyesha. Kisima ilikuwa na ukubwa wa sinia la chai. Fundi aliuliza kwa Kiarabu kama ile ni sampuli. Msichana akasema kwa upole kwamba ndiyo yenyewe.

Akaisogelea. Mlinzi akamwomba arudi nyuma. Akarudi nyuma, na kule nyuma macho yake hayakuona ila ukungu wenye fremu ya dhahabu. Akasogea tena, mlinzi akaomba tena. Mara ya tatu Fundi hakusogea. Alisimama mikono nyuma, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina ofisini.

"Mwanangu," akaniambia, "nitazamie."

Nilijua Kisima kuliko jikoni kwa mama yangu, nikafikiri ni kazi nyepesi. Nikaanza upande wa mwanga. Nikamwambia kivuli kweli ni cha zambarau, akafumba macho akatikisa kichwa kama aliyeshindwa kesi. Nikamwambia habari za punda, na mzee wa fimbo, ambaye kumbe ana uso wa mtu mcheshi. Nikamweleza kila uso, maana kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeona migongo tu, naye akawa anaitika, ndiyo, ndiyo, huyo namjua. Nikafika pembeni kabisa, upande wa kushoto.

"Na huyu mwanamke mwenye mtungi begani," nikasema, "anayeondoka."

"Hapo hapana mwanamke."

"Yupo, Fundi."

"Hapo ukingo wa kisima unaishia, halafu jiwe, halafu basi. Nimepachora mara ngapi mie? Hapana mtu."

Sikutaka kubishana naye mahali pale, lakini mwanamke alikuwepo. Wenzake walikuwa wakizungumza, na yeye ameshajaza, amejitwisha, hatua moja ameshatoka kwenye picha. Amegeuza kichwa kutuangalia. Nilimwambia Fundi kwamba uso wake ni wa mtu aliyeitwa tena wakati ameshafika mlangoni. Uso ule ninaujua. Huwa nauvaa.

Fundi akamwita yule msichana, akamuuliza. Msichana akasema ndiyo, yupo, lakini picha nyingi zilizochapwa zamani zilikatwa pembeni ili zienee kwenye fremu za kawaida, kwa hiyo watu wengi hawamjui.

Kulikuwa na benchi katikati ya chumba. Nikampeleka, akaketi. Alikaa muda mrefu ameshika magoti. Nikafikiri amehuzunika kwa sababu ya macho, nikaanza kumpa moyo kuhusu daktari, naye akanikatiza.

"Watu wamekunywa kahawa chini ya Kisima yangu, wameozesha watoto," akasema, "na kumbe kuna mtu nimemwacha nje. Kama dereva aliyeng'oa gari na abiria bado yuko dukani."

Yule msichana alituhurumia, akaja akaketi nasi, na kwa kuwa aliona mzee anampenda huyu mchoraji, akatusimulia maisha yake. Mengi yalikuwa yaleyale. Muuza mikate yupo, maonyesho yapo, nishani ipo. Lakini Misri alikaa msimu mmoja tu, na kazi zote zilizobaki alizifanya Parisi ndani ya chumba chenye jiko la makaa, mazulia yametandazwa na watu wa mtaani wamevalishwa majoho. Na hakuoa. Aliishi na dada yake hadi kufa.

Nilimtazama Fundi kwa wasiwasi. Nilimlilia yule mke mimi.

Fundi alifikiri. Kuhusu Misri akasema haina neno, yeye ameichora Misri miaka yote na hajafika hata mpakani. Kuhusu mke akasema, "Basi ni dada." Na kuanzia siku hiyo, kila alipoisimulia hadithi, dada ndiye aliyeshona koti la zulia, dada ndiye aliyelalamikiwa dirisha, na maneno yote ya mke aliyasema dada bila kubadilika hata moja. Bi Mkubwa alisema yeye kwa upande wake amefarijika.

Tulikula vitumbua nje, kwenye kivuli cha jengo. Akaniambia atamkubalia daktari. Sasa kuna kazi imebaki.

Upasuaji ukaenda salama. Kwa majuma kadhaa alikuwa kero kwa kila mtu. Aliona kila kitu upya na kila kitu hakikumridhisha. Alimwambia Bi Mkubwa kuta za nyumba ni chafu, akaambiwa zimekuwa hivyo tangu mtoto wao wa kwanza. Alipita nyumba alizozichora mwaka wa mwisho, akaziona zile bluu zake, akaomba radhi kwa wenye nyumba ambao hawakujua kuna kosa na sasa wakaanza kuliona.

Halafu akaanza kumtafutia mwanamke wa pembeni nafasi. Alipiga simu kwa wote aliowachorea Kisima akaomba arudi amwongeze mtu mmoja. Kuna aliyemwambia ukuta umeshabomolewa, na kuna aliyemwambia watu waliopo wanatosha. Madam wangu, tuliporudi Jedda na kufungua tena ile nyumba ya Al-Hamra, akasema aje.

Alikuja na ngazi yake, akakuta tatizo ambalo hakulikumbuka. Picha yake iliishia kwenye pembe ya ukumbi. Baada ya pembe kulikuwa na kipande chembamba cha ukuta, na baada ya hapo mlango wa jikoni. Alikitazama kile kipande, akautazama mlango, akacheka peke yake. Akaniambia nilete chupa tupu ya maji, ile kubwa ya kwenye mashine, nijitwishe begani, nisimame nikielekea jikoni.

Nikasimama. Alichora asubuhi yote, harufu ya karafuu ikapanda, na mimi bega likaanza kufa ganzi. Niliona kwa pembe ya jicho anavyoweka rangi, haraka, brashi huku, brashi kule, kuliko nilivyowahi kumwona. Nilipomwambia hivyo akasema ana miaka mingi ya kufidia na niache kuongea.

Karibu na adhuhuri madam akaingia kuniambia wageni wake wako njiani, chai iwekwe. Akamwona mwanamke wa ukutani, akasita. Mwanamke alikuwa ametupa mgongo, amegeukia mlango wa jikoni, mtungi begani, upindo wa nguo umelowa maji. Madam akauliza kwa nini huyu anaondoka na wenzake bado wako kisimani.

Fundi akamjibu kwa Kiarabu, bila kugeuka, kwamba wale wanazungumza, na huyu ana kazi.

Madam aliendelea kutazama. Akanitazama mimi na ile chupa, akatazama ukuta tena. "Anaonekana amechoka," akasema.

"Tangu alfajiri, madam," Fundi akasema.

Madam akapita katikati yetu, kati ya mimi na ukuta, akaingia jikoni. Tukasikia kabati linafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa jingine. Birika likagonga sinki. Droo ikavutwa. Halafu sauti yake ikatoka, ya mtu aliye mgeni nyumbani kwake, ikiuliza sukari inawekwa wapi.

Nikaanza kuishusha chupa.

"Tulia hapo, mwanangu," Fundi akaniambia. "Bega bado."